Lori Litakwama Wapi?

Nimesimama hapo kwenye ukuta wa ofisi yenu ya barabara nikasoma. Juu mmeandika kwa rangi nzuri: barabara zetu zipitike mwaka mzima. Chini yake mmebandika karatasi ya kazi za wiki: Jumatatu kufyeka, Jumanne kufyeka, Jumatano mkutano, Alhamisi kufyeka. Sasa nawauliza kwa heshima zote, vijana wangu, hii karatasi ya chini na yale maandishi ya juu vimewahi kusalimiana? Mimi nimeviona kama watu wawili waliogombana wakapangishwa nyumba moja.

Msinune. Ni nyinyi mlioniita, mkasema, "Mzee Bwambale, njoo utuambie mlivyokuwa mnapanga kazi zamani." Mmemwita mtu mkali, mtasikia maneno makali, halafu tutakunywa chai.

Nilianza kazi kwenye genge la barabara ya Kasese kwenda Bwera miaka ya sitini, baada tu ya Uhuru wa Uganda. Nikaiacha mwishoni mwa miaka ya sabini, nikiwa nyampara, yaani msimamizi wa genge. Kambi yetu ilikuwa Kinyamaseke. Siku hizo ilikuwa moramu, ule udongo wa changarawe, mwanzo hadi mwisho, vumbi jekundu kiangazi na tope jekundu wakati wa mvua. Pamba na kahawa ya Bwera ilipita hapo kwenda kupanda treni Kasese. Chumvi na samaki wa Katwe walipita hapo, na mama wa Butembo, kule Kongo, na mizigo yao walipita hapo hapo. Barabara ikikatika, kila kitu kilikaa kikaoza, na watu wakatutukana sisi.

Nyampara wangu wa kwanza aliitwa Odongo, mtu wa mashariki huko, aliyewahi kuwa askari. Kiswahili changu nimejifunza kwake, kwa hiyo mkinisikia naamrisha badala ya kuzungumza, laumuni yeye. Siku yangu ya kwanza alinipa fyekeo na sehemu yangu ya njia. Nikafyeka, jamani! Nyasi zilikaa kama kichwa kilichotoka kwa kinyozi. Nikamwita aje aone. Akaja taratibu, mikono nyuma, akatazama kushoto, akatazama kulia.

"Wewe, Bwambale. Kalvati iko wapi?"

Kalvati ni lile bomba kubwa linalopitisha maji chini ya barabara. Nikamwambia, "Afande, hapa sikuona kalvati."

"Chini ya miguu yako."

Kumbe kweli, nilikuwa nimesimama juu yake. Mdomo wake ulikuwa umejaa udongo na miiba, na juu ya udongo huo mimi nilikuwa nimezitupa nyasi zote nilizofyeka. Odongo akaniondolea fyekeo mkononi, akanipa sepeto. "Nyasi hapana simamisha lori," alisema. "Maji nasimamisha lori. Chimba." Nikachimba mpaka jioni, na kesho yake mgongo ukakataa kunyooka.

Sasa sikilizeni alivyopanga kazi, maana ndiyo mliyoniitia. Kila asubuhi, kabla hajafungua stoo ya vyombo, alitupanga mstari, kijeshi kabisa, akamnyooshea mtu mmoja kidole. "Wewe! Leo mvua nanyesha. Lori ya pamba itakwama wapi?" Hata kama jua linawaka na mlimani hakuna wingu, ulitakiwa kutaja mahali. Usiseme "huko mbele huko," hapana. Taja mahali panapojulikana: kona baada ya soko la Kisinga, upande wa chini. Ukitaja, anauliza kwa nini patakwama. Ukisema kwa nini, anauliza tunahitaji nini ili pasikwame. Hapo ndipo stoo inafunguliwa, na vyombo vinatoka vile vilivyotajwa, si vingine. Kazi ya siku hiyo ndiyo hiyo. Mtu akikuuliza saa sita kwa nini unavunja mawe, huwezi kusema "nimeambiwa." Unamjibu kwamba lori la pamba lingekwama pale, na hili jiwe ndilo litakalolipitisha.

Mwenzangu Thembo, ambaye mpaka leo anaishi kwa kutania watu, siku moja aliulizwa yeye. Akajibu, "Afande, lori itakwama kwenye baa ya Kinyamaseke." Mstari mzima ukaangua kicheko. Odongo hakucheka hata kidogo.

"Sawa. Kwa nini?"

"Dereva iko na kiu, afande."

"Na sisi nataka nini hapo?"

Thembo akatugeukia sisi tumsaidie.

"Nataka mawe," Odongo akasema. "Ya kujenga ukuta mbele ya baa. Wewe nabeba." Siku hiyo Thembo alibeba mawe mpaka akasahau ladha ya bia, na mawe yenyewe tukayatumia kwenye mtaro.

Mambo mengine niliyofundishwa hapo niwape haraka haraka, myaandike kama mna kalamu. Shimo la barabara halizibwi kwa kumwaga udongo juu ya tope; unalikata pembe nne, unatoa tope lote mpaka ufike pagumu, unatia moramu kidogo kidogo, unanyunyiza maji, unashindilia, unatia tena. Thembo huyo huyo aliwahi kujaza shimo kwa udongo mweusi wa bondeni kwa sababu ulikuwa karibu. Lori la chumvi la Katwe likazama hapo mpaka milangoni, dereva akamtukana kwa lugha tatu. Barabara iwe na mgongo katikati, maji yateleze pande zote mbili. Na kalvati inazibuliwa kuanzia mdomo wa chini, kule maji yanakomwagika, si mdomo wa juu. Ukianza juu unasukuma uchafu ndani, na maji yakija hayana pa kwenda.

Lakini kubwa kuliko yote ilikuwa hii. Mvua ikianza, magenge mengine yalikimbilia kambini. Sisi Odongo alitutoa nje. Tulivaa magunia kichwani, tukatembea, hatukubeba hata jembe. Kazi ilikuwa kuangalia tu: maji yanatoka wapi, yanasimama wapi, yanakula wapi. Ukikutwa umejibanza chini ya paa la duka, ole wako. Watu wa Kisinga walituona wendawazimu, watoto walitufuata wakiimba. Jioni, tukijikausha motoni, kila mmoja alikuwa tayari na mahali pa kutaja asubuhi. Barabara kavu ilituficha mambo mengi sana.

Odongo alipostaafu akarudi kwao, mimi nikachukua nafasi yake. Desturi zake nikazichukua zote isipokuwa kufoka. Thembo anasema hata hiyo niliichukua. Thembo ni mwongo.

Sasa nije kwenye habari ya Mama Kahindo, kwa sababu hapo ndipo nilipoona kama hii desturi ni kitu au ni mchezo wa kijeshi tu.

Ukikaribia Bwera kuna mahali barabara inapita juu ya tuta, udongo ulioinuliwa ili kuvuka bonde dogo. Upande wa juu ni kilima. Upande wa chini, shimoni kabisa, alikaa Mama Kahindo. Alitoka upande wa Butembo, alikimbia vita vya kule na watoto wake, mumewe hakufika. Watu wa kanisa walimwombea kiwanja, akapewa hicho ambacho hakuna aliyekitaka. Akajenga nyumba ya udongo, akapanda kahawa, akaitunza kama mtoto mchanga, na wakati ninaosimulia ndiyo kwanza ilikuwa imeanza kuzaa. Sokoni Bwera aliuza sombe, yaani kisamvu, na maharage, na sauti yake ilisikika mpaka ng'ambo ya mto Lhubiriha.

Tatizo ni kwamba kalvati ya tuta lile ilimwaga maji mlangoni kwake. Kwa hiyo aliiziba. Tunaizibua, tukirudi tunaikuta imezibwa tena: mawe, vigogo vya migomba, na safari moja magunia ya mchanga yaliyoshonwa midomo vizuri sana, mshono wa fundi. Thembo akasema twende kwa chifu, aje na askari, huyu mama ashikishwe adabu. Nikamwambia atulie. Nikashuka peke yangu.

"Wabukire, Mama Kahindo," nikamsalimu kwa lugha yetu, maana Wanande na sisi Wakonzo tunasikilizana.

Akajibu kwa Kiswahili, kuonyesha kwamba leo hatuna undugu. "Shefu, kama umekuja juu ya ile tiyo, rudia kule ulitoka." Tiyo ndiyo bomba kwa Kiswahili cha kwao.

"Mama, ikizibwa, maji yatavunja barabara."

"Na ikifunguliwa, maji itavunja nyumba yangu. Barabara iko na serikali ya kuitengeneza. Nyumba yangu iko na nani?"

Akaendelea, mkono kiunoni.

"Nilikimbia batu ya bunduki, shefu. Nilibeba mutoto moja mugongoni na ingine mukononi, tukavuka. Nikasema hapa ndiyo mwisho, sikimbie tena. Sasa nikimbie maji? Hapana. Ende uambie bakubwa yako."

Haki ya Mungu, nilimwonea huruma na nikamwogopa kwa wakati mmoja. Na nilijua jambo ambalo yeye hakulijua. Kwa kuiziba ile kalvati hakuwa ameyaondoa maji. Alikuwa ameyaweka akiba upande wa juu wa tuta, na siku tuta likichoka, lingemwangukia yeye na watoto kwa pamoja, udongo na maji. Nilimwambia hivyo. Akasema hizo ni hadithi za kumtisha mwanamke asiye na mume.

Wakati huo huo ofisi ya Kasese ilituletea inspekta mpya, Bwana Mugisha, kijana mpole mwenye viatu vinavyong'aa. Akaja na amri. Mkubwa fulani wa serikali atapita kwenda mpakani. Siku zile hukuuliza jina mara mbili. Genge lote lifyeke nyasi, na mawe yote ya kando ya njia yapakwe chokaa, yawe meupe pe! Mvua kubwa ilikuwa inanukia. Nikampigia saluti, nikapokea mapipa ya chokaa, na asubuhi nikawauliza wangu kama kawaida lori litakwama wapi.

"Kwa Mama Kahindo," wakasema karibu wote. Mmoja akasema hapana, ni pale unapokaribia daraja la Nyamugasani, mtaro umeanza kula ukingo wa barabara. Naye alisema kweli, nilikuwa nimepaona. Mahali pawili pabaya, watu wachache, na mapipa ya chokaa yanatutazama. Amri ni amri, tukaanza na chokaa.

Alasiri moja Bwana Mugisha alikuja na Landrova kukagua weupe wa mawe. Hajamaliza kushuka, mvua ikashuka naye. Sisi tukavaa magunia tukaanza kutoka.

"Mnakwenda wapi?" akauliza.

"Kazini, Bwana Inspekta."

"Kwenye mvua?"

"Ndiyo, kwenye mvua. Karibu."

Sikutegemea aje. Lakini yule kijana, namsifu mpaka leo, alipanda Landrova na sisi nyuma, tukaenda mpaka karibu na tuta, tukashuka tukatembea. Viatu vyake vilikufa siku hiyo. Tulipofika nikasimama ukingoni nikamwita Mama Kahindo apande juu aone. Akajibu kutoka mlangoni kwamba hana kazi na barabara. Nikabembeleza, wapi! Ndipo Thembo akasema kwa sauti, kama anazungumza na mimi tu, "Mwache, Bwambale. Mama anaogopa kulowa."

Wee! Alipanda lile tuta kama mbuzi, kitambaa kichwani, anamtafuta Thembo amtie kofi. Akavuka barabara akimkimbiza mpaka ukingo wa upande wa juu. Hapo akasimama.

Maji yalikuwa yamejaa. Bwawa jekundu, pana, limetulia tuli, limepanda mpaka karibu na ukingo wa barabara. Ukigeuka nyuma ukatazama paa la nyumba yake, lilikuwa chini ya usawa wa yale maji. Miaka yote aliyokaa pale alikuwa anaona ukuta wa udongo tu. Hakuwahi kusimama upande wa juu mvua ikinyesha. Nani husimama hapo? Akasahau kofi la Thembo.

"Hii maji yote..." alisema.

"Ndiyo, mama."

"Iko juu ya kichwa ya batoto yangu."

Akageuka kwenda kuizibua kalvati, tukamshika. Kuizibua wakati ule kungekuwa kumwaga bwawa zima ndani ya nyumba. Tukamwambia atoe watoto kwanza, awapeleke kwa jirani kilimani, na sisi tukachimba mtaro wa juu kwa majembe ya watu wa pale, tukayapunguza maji pembeni pole pole mpaka tuta likapumua. Inspekta naye alichimba. Alichimba vibaya, lakini alichimba.

Mvua ilipokatika nikamgeukia. "Bwana Inspekta, gari la mkubwa litakwama wapi?"

Akatazama tuta. "Hapa."

"Na tunahitaji nini lisikwame?"

Alifikiri kidogo. "Tunahitaji watu wanaopaka chokaa waje hapa." Halafu akaongeza, na hapo ndipo alipopata heshima yangu, "Na maji haya yakitoka kwenye kalvati yawe na njia yake mpaka kijitoni. Mkifungua bila njia, huyu mama ataziba tena, na mimi ningekuwa yeye ningeziba pia."

Kesho yake alileta kifaa chake cha kupimia miinuko. Mimi nilikuwa nimekwisha kuamua njia ya maji ipite kushoto, kwenye uwanja mtupu, rahisi kabisa. Akapima, akatikisa kichwa. Kushoto ardhi inainuka kidogo, jicho halioni, maji yangerudi nyumbani kwa mama. Njia ilikuwa kulia tu. Na kulia ndiko kulikokuwa na kahawa.

Hakuna aliyetaka kumwambia. Genge zima likawa linachunguza mipini ya majembe. Ikabidi mimi. Nikamweleza njia inapopita na miche itakayoondoka, safu nzima, ile ile iliyoanza kuzaa. Sikuyapamba maneno wala sikumdanganya kwamba serikali itamlipa.

Alinisikiliza mpaka mwisho. Akaingia ndani, akatoka na panga. Thembo akarudi nyuma hatua kadhaa, jamaa ana akili. Mama Kahindo akatupita, akaenda kwenye kahawa ya kwanza, akaikata yeye mwenyewe. Kisha ya pili. Analia, anakata, na mtu akisogea kusaidia anafukuzwa. Alipomaliza safu akasema, "Haya. Chimbeni. Na mukichimba vibaya, mutaniona."

Tukachimba vizuri. Chini tukapanga mawe ili maji yasile udongo, kwenye mteremko tukaweka ngazi za mawe kuyapunguzia mbio, na siku ya mwisho tukazibua kalvati kuanzia mdomo wa chini, vile inavyotakiwa. Mawe ya kando ya njia, yaliyobaki bila chokaa yalikuwa mengi kuliko yaliyopakwa.

Na pale Nyamugasani? Hatukugusa. Vijana, hapa nataka mnitazame usoni. Nilipajua, nilipaona, nikapaacha. Kwenye tuta palikuwa na watu wamelala chini yake. Nyamugasani palikuwa na barabara tu. Ukiwa na mikono michache utaacha kitu, na ni afadhali ujue unaacha nini kuliko kufyeka kila mahali ukidhani hujaacha. Nikamwambia inspekta waziwazi kwamba pale panaweza kukatika. Akasema, "Najua. Tutajibu pamoja."

Mvua kubwa ikaja, siku mbili mfululizo, mlima ukafunikwa wote. Tulitembea na magunia yetu mpaka kwenye tuta. Kalvati ilikuwa inanguruma, maji yanatoka mdomo wa chini, yanashuka ngazi za mawe, yanapita kulia kwenda kijitoni. Mlango wa Mama Kahindo ulikuwa mkavu. Alikuwa amekaa hapo na watoto wake, anachambua maharage, anaangalia maji yakipita kama mtu anayemwangalia mgeni asiyemwamini. Nilifurahi, sitaki kuficha.

Hatujaondoka, dereva mmoja akaja na habari. Nyamugasani pamekatika. Nusu ya barabara imeondoka, hakuna gari linalopita, malori ya pamba yamepanga foleni upande huu.

Mkubwa hakuja. Hatukuambiwa kwa nini, na hatukuuliza. Lakini pamba ilikuwa pale, na treni Kasese haimsubiri mtu, na simu kutoka ofisini ilikuwa imekwisha kumfikia Bwana Mugisha, na hazikuwa salamu. Asubuhi tulipofika kwenye shimo nilimkuta amesimama ukingoni, amevaa buti za mpira sasa. Shimo lilikuwa kubwa. Niliwatazama wangu, nikalitazama shimo, nikajua hatutoshi. Tukaanza hivyo hivyo. Madereva wengine walitucheka kutoka madirishani, wengine walishuka wakasaidia kidogo, wakachoka.

Jua limepanda kidogo tukaona lori linakuja kutoka Bwera kujiunga na foleni, na juu yake limejaa watu. Wanawake, majembe, vikapu, wanaume kadhaa, wanaimba wimbo wa kanisani. Lori halijasimama sawasawa, Mama Kahindo akaruka chini.

"Mama," nikamwambia, "hii si kazi yako. Hii ni kazi ya serikali, ulisema mwenyewe."

"Thembo aliniambia," akasema. "Mulikuwa na mahali mbili. Mukachagua kwangu." Akanitazama kwa ukali, macho yamejaa maji. "Sasa utaendelea kuniangalia, ama utanipatia sepeto?"

Nikampa la kwangu.

Vijana, nimefanya kazi na magreda, nimefanya kazi na matrekta, sijaona kazi kama ya siku ile. Tulipanga mstari mmoja kutoka kwenye machimbo ya moramu mpaka barabarani, vikapu vinapita mkono kwa mkono. Mawe makubwa chini, madogo juu yake, moramu, maji, kushindilia kwa magogo, moramu tena. Inspekta alikuwa kwenye mstari kati ya mama wawili wa Butembo waliokuwa wanamfundisha wimbo. Madereva waliotucheka waliona aibu, wakavua mashati. Thembo alishindilia na kutania, akashindilia na kutania, na hakuna aliyemtia kofi. Saa za alasiri malori ya foleni yakaanza kupita moja moja, pole pole, sisi tumeshika roho. Pamba yote ikavuka kwenda Kasese. Tukaendelea kunyoosha mgongo wa barabara mpaka ukawa sawa na sehemu nyingine, huwezi kujua.

Jua linakaribia kuzama, likatokea lori moja kutoka upande wa Kasese, tupu, dereva mgeni ambaye hakuwa kwenye foleni. Tukasogea kando na vikapu vyetu. Likaja kwa mbio, likapita juu ya kazi yetu ya siku nzima bila kupunguza mwendo hata kidogo, dereva anaongea na utingo wake, hakututupia hata jicho, akatuachia vumbi.

Mama Kahindo, tope mpaka viwikoni, akapiga kelele. "Muone huyu mutu! Hata kuangalia? Hajue tulikufa hapa tangu asubuhi?"

"Hajui," nikamwambia. Kicheko kikanishika, nikacheka mpaka nikakaa chini kwenye moramu. "Hajui kabisa, mama. Hajui kama hapa palikuwa na shimo."

Alinitazama kama mtu aliyepungukiwa akili. Halafu akaligeukia lori, likiwa linaipanda kona ya kwenda Bwera na mbio zake zile zile, akatabasamu kwanza, akacheka, akaja akakaa chini kando yangu.